Hewa Iliyofungwa Ndani ya Magadi

Makande yalikuwa yanachemka kwa dada yangu hapa Arusha, na mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kukamulia samaki ndimu. Kando ya bakuli palikuwa na kipande cha magadi, kijivu chenye mistari ya rangi ya waridi, kinasubiri kumegwa na kutiwa sufuriani ili mahindi yalainike upesi. Matone mawili matatu ya ndimu yakakidondokea.

Kikaanza kutoa povu.

Nilisogeza uso karibu. Vitundu vidogo vilikuwa vikifunguka juu ya jiwe, kila kimoja kikitema mapovu yake kwa sauti nyembamba, chiii, mpaka ukali wa ndimu ukaisha. Nikakamulia tena, safari hii kwa makusudi.

“Hayo ni ya makande, mdogo wangu,” dada akasema. “Usiyachezee.”

Hewa inayotoka hapo ni hewa ya ukaa. Kemia ya sekondari inatosha kulieleza hilo: asidi ikikutana na kaboneti, hewa ya ukaa hutoka. Kilichonikaa kichwani kwa majuma tangu siku ile ni swali jingine. Iliingiaje humo? Mama anayemuuzia dada magadi anasema ni ya Natron, na Natron ni ziwa la bonde kame, maji yakiingia hayana pa kutokea isipokuwa kupanda na jua. Nani aliifunga hewa yote hiyo ndani ya jiwe, mahali kama pale?

Nilianza kufuatilia jibu nikidhani litaishia kwenye mlima mmoja. Limenifikisha kwenye sayari ya Zuhura.

Inatoka chini

Kusini mwa ziwa Natron umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuheshimu kama makao ya Mungu. Volkeno nyingine hutema lava yenye silika nyingi, yaani madini yale ya mchanga, yenye joto la nyuzi 700 hadi 1,200. Lengai hutema lava ya kaboneti iliyojaa sodiamu, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Ikitoka ni nyeusi na nyepesi, inakimbia mteremkoni karibu kama maji, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, wakati mwingine ndani ya saa chache. Weupe ule wa kileleni ambao mgeni huudhania theluji ndio huo. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hii.

Mvua na chemchemi za moto za bonde zima huyeyusha chumvi hizo na kuzishusha ziwani, jua linakausha maji, magadi yanabaki. Hapo swali langu lilipata nusu ya jibu.

Nusu nyingine nilikutana nayo kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Watafiti walipita kwenye nyufa za bonde la Natron na Magadi, Tanzania na Kenya, wakafunika udongo kwa vyombo vya kupimia, mahali ambapo hapana moshi wala shimo lolote la volkeno. Walipima hewa inayopenya yenyewe kutoka ardhini. Makadirio yao ni kwamba eneo hilo peke yake linatoa takriban tani milioni 4 za hewa ya ukaa kila mwaka. Na walipochunguza kaboni yenyewe, alama zake zilionyesha kwamba sehemu kubwa imetoka kwenye mantili, lile tabaka nene la mawe ya moto lililo chini ya gamba la dunia.

Bonde la Ufa linapotanuka, linavuja.

Wenyeji wa Arusha na Nairobi wanakumbuka Julai 2007, ardhi ilipotikisika mpaka watu wakatoka mbio maghorofani. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilikuwa ikijipenyeza chini ya mlima Gelai, jirani wa Lengai. Miezi miwili baadaye Lengai yenyewe ikalipuka na kurusha majivu. Majivu ya milima ya ukanda ule, yaliyopeperushwa magharibi kwa maelfu ya miaka, ndiyo yaliyotengeneza udongo wa mbuga za nyasi fupi kusini mwa Serengeti. Nyasi zake zina madini mengi, ya kalsiamu hasa, na nyumbu jike mwenye mimba huzifuata kwenda kuzaa na kunyonyesha huko kati ya Januari na Machi. Ndama anayesimama kwa miguu yake pale Ndutu ana kitu cha volkeno ndani ya mifupa.

Ningeweza kuishia hapo na makala ingekuwa tamu.

Mazuku

Lakini kila nilipotaka kuandika kwamba volkeno hulea uhai, niliikumbuka Goma.

Pembezoni mwa Goma na kandokando ya ziwa Kivu, hewa ya ukaa hutoka ardhini kama inavyotoka kwetu, ila kwa wingi zaidi na katikati ya makazi ya watu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usiku usio na upepo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Wenyeji huita mazuku. Haina rangi, na mtu haioni ikimfika. Mbuzi akiingia shimoni hatoki, na mtoto aliyemfuata mbuzi naye hatoki. Juu yao kuna Nyiragongo, iliyoteremsha lava mwaka 1977, ikaipasua Goma katikati mwaka 2002, ikarudi tena Mei 2021. Chini yao kuna Kivu, ziwa lenye takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani zilizoyeyuka kwenye maji yake ya kina. Ziwa Nyos kule Kamerun ni dogo mno mbele ya Kivu, na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitema hewa yake likaua watu wapatao 1,700 waliokuwa wamelala vijijini.

Nani ana haki ya kuziita volkeno baraka akiwa hajalala Goma?

Swali hili lilinizuia kuandika kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Mwishowe niliamua kuliacha lisimame. Nitakayoyasema kuanzia hapa yanahusu sayari, na muda wake ni mamilioni ya miaka. Hayamfariji mama aliyempoteza mwanawe kwenye mazuku, na sitajaribu kuyafanya yamfariji. Anachohitaji yeye ni vipimo vya hewa mtaani kwake na mtu wa kumwonya kwa wakati.

Safari ya kurudi

Tuifuate sasa ile hewa baada ya kutoka ardhini.

Sehemu yake huingia kwenye matone ya mvua na kuyafanya asidi dhaifu. Mvua hiyo huyala mawe polepole, huchukua kalsiamu yake, na mito huipeleka baharini. Huko matumbawe, konokono na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huitumia kujenga magamba yao, pamoja na kaboni ileile iliyokuja na mvua. Wakifa, magamba hutuama chini na kuwa mawe ya chokaa. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa kaboni ya namna hiyo. Vivyo hivyo kilima cha Wazo tunachokivunja kutengeneza saruji, na mapango ya Amboni kule Tanga.

Kama mambo yangeishia hapo, hewa ya ukaa ingekwisha angani na dunia ingeganda.

Haiishii hapo kwa sababu sakafu ya bahari haitulii. Mabamba ya gamba la dunia husogea sentimita chache kwa mwaka, na bamba la bahari likikutana na jingine huzama chini yake likiwa limebeba mawe yale ya chokaa mgongoni. Anayejua uchomaji wa chokaa pwani tayari anajua kitakachofuata: tumbawe likipata moto wa kutosha huachia hewa iliyojifunga ndani yake. Tanuri la dunia liko makumi ya kilomita chini, na dohani lake ni volkeno.

Mwaka 1981 James Walker, Paul Hays na James Kasting waliandika jambo ambalo kwangu ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote katika sayansi ya dunia. Walisema mzunguko huu unajirekebisha. Dunia ikipata joto, mvua huongezeka na mawe huliwa upesi zaidi. Hewa ya ukaa inapungua angani, joto linashuka. Dunia ikipoa, ulaji wa mawe unazorota, lakini volkeno haziachi kupumua. Hewa ya ukaa inaongezeka, joto linapanda. Hakuna anayesimamia. Mawe, maji na moto vinatosha.

Hapo kitendawili cha zamani kinaanza kueleweka. Jua lilipokuwa changa lilikuwa hafifu kwa karibu asilimia 30 kuliko leo, na kwa hesabu rahisi bahari zote zingepaswa kuwa barafu. Lakini fuwele ndogo za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zenye umri wa hadi miaka bilioni 4.4, zina dalili kwamba tangu mapema hivyo palikuwa na maji. Na dunia ilipoganda kweli, miaka milioni 700 hivi iliyopita, barafu ikafika mpaka nchi za ikweta, wanajiolojia wengi wanakubaliana kwamba iliyoifungua ni hewa ya volkeno. Chini ya barafu mvua hainyeshi na mawe hayaliwi. Hewa ilirundikana angani kwa mamilioni ya miaka mpaka barafu ikasalimu amri.

Niseme jambo moja kabla mtu hajalichukua vibaya. Marekebisho haya huchukua malaki ya miaka. Hewa tunayoimwaga sisi kwa kuchoma mafuta na makaa ni nyingi mara kadhaa wa kadhaa kuliko ya volkeno zote kwa pamoja, na hakuna mlima utakaotuwahi.

Zuhura ikanivurugia

Basi nikawa na jibu zuri: sayari yenye moto ndani hupumua, na sayari inayopumua huweza kubeba uhai.

Jibu hilo haliwezi kuieleza Zuhura.

Zuhura inakaribia dunia kwa ukubwa, na kipenyo chake ni asilimia 95 ya chetu. Uso wake una joto la nyuzi 465, na hewa yake, ambayo zaidi ya asilimia 96 ni hewa ya ukaa, inakandamiza kwa uzito wa mara 90 na zaidi ya ule tunaousikia hapa usawa wa bahari. Venera 13, chombo imara cha Wasovieti kilichotua mwaka 1982, kilidumu dakika 127.

Na moto haikukosa. Chombo cha Magellan kiliipiga picha kwa rada kuanzia mwaka 1990. Picha zikahifadhiwa, na kwa miaka 30 wataalamu wakabishana kama volkeno zake ziko hai. Kisha mtafiti Robert Herrick akakaa na picha hizo, akilinganisha kwa macho yake mahali pamoja palipopigwa zaidi ya mara moja. Kwenye mlima Maat Mons aliliona shimo ambalo Februari 1991 lilikuwa la duara, na kufikia Oktoba mwaka huohuo lilikuwa limetanuka karibu mara mbili na kupoteza umbo lake. Yeye na Scott Hensley wakachapisha matokeo mwaka 2023. Kazi hii inanigusa kila nikiifikiria. Ushahidi ulikuwepo muda wote, ukisubiri mtu mwenye subira ya kuangalia.

Kwa hiyo Zuhura inapumua.

Ilichokosa ni mvua. Pasipo maji, mawe hayaliwi, kaboni haishuki baharini, haijengi chokaa, haizami. Kila pumzi ya volkeno inabaki angani juu ya ile iliyotangulia. Hata mabamba hayapo, angalau si kama ya kwetu. Wengi wanaamini kwamba maji ndiyo hulainisha mawe ya gamba la dunia kiasi cha kuyafanya yavunjike na kuteleza. Ukijumlisha kaboni yote ya dunia, hatupungukiwi sana na Zuhura. Chukua mawe yote ya chokaa duniani uyachome kwa pamoja, na anga letu litakaribia kuwa kama lake. Kaboni yetu imelala Wazo na Amboni. Ya kwao iko angani.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa nimekazia macho hewa inayotoka. Uhai wa juu ya ardhi unategemea zaidi ile inayorudi.

Mirihi, kwa ufupi

Mirihi ina hadithi ya upande wa pili. Ina volkeno kubwa kuliko zote tunazozijua kwenye familia ya jua: Olympus Mons, kilomita 22 hivi kwenda juu, karibu Kilimanjaro nne. Ilikua hivyo kwa sababu gamba la Mirihi halisogei, na moto ukapandia palepale enzi na enzi. Lakini sayari yenyewe ina moja ya kumi tu ya tungamo la dunia, na kitu kidogo hupoa haraka. Kiini chake kiliacha kutengeneza uga wa sumaku takriban miaka bilioni 4 iliyopita, na jua likaanza kupeperusha angahewa yake kidogo kidogo, kazi ambayo chombo cha MAVEN kilianza kuishuhudia mwaka 2014. Mabonde ya mito yapo, mito haipo.

Haijazimika kabisa. InSight, iliyotua Novemba 2018 na kuweka kipima tetemeko juu ya mchanga, ilisikia matetemeko zaidi ya 1,300, kubwa likiwa la Mei 2022 lenye ukubwa wa 4.7. Mtu wa Bonde la Ufa angelisikia tetemeko la namna hiyo na kurudi kulala.

Mahali pasipo mvua

Nilikuwa karibu kufunga daftari nikiwa na kanuni yangu mkononi: moto, maji, na safari ya kurudi. Kisha rafiki anayefundisha fizikia akaniuliza, “Na Enceladus je?”

Ni mwezi mdogo wa Zohali, kipenyo chake kilomita 500 hivi, zaidi kidogo ya barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa udogo huo ulipaswa kuwa umepoa zamani sana. Lakini mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yakiruka angani kutoka kwenye nyufa za kusini mwake. Mvuto wa Zohali unauminya na kuuachia kila unapozunguka, na kuminywa huko kunazaa joto. Chini ya barafu kuna bahari. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba kwenye maji yale kuna haidrojeni, dalili kwamba bahari hiyo inagusana na mawe ya moto chini yake. Mwaka 2023 wakaongeza fosfati, kitu ambacho hakuna chembe hai tunayoijua inayoweza kukikosa.

Hakuna mvua pale, wala chokaa inayozama, wala volkeno inayorekebisha hali ya hewa, kwa kuwa hata hewa yenyewe karibu haipo.

Na tunajua uhai unaweza kuishi gizani. Mwaka 1977 nyambizi ya Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos na kukuta chaza na minyoo mirefu wakiishi kwenye chemchemi za moto, wakilishwa na bakteria wanaotumia kemia ya mawe badala ya jua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyembamba kuliko nilivyopenda. Uhai wenyewe huenda unahitaji tu maji yanayogusa mawe yenye moto. Mfano wa kutahadharisha ni Io, mwezi wa Mshtarii, ambako Linda Morabito aliona moshi wa volkeno kwenye picha za Voyager 1 Machi 1979: volkeno hai mamia, maji hakuna. Lakini uhai unaotoka nje, unaofunika nchi kavu na kudumu mabilioni ya miaka chini ya jua linalobadilika, huo bado naamini unahitaji safari ya kurudi. Rafiki yangu haamini. Tumeachana hapo.

Jiwe ninalolisubiri

Kuna swali moja ambalo linaweza kujibiwa nikiwa hai.

Mawe makubwa ya Mwanza, yale yanayosimama majini na kubebana vilimani, ni granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Granaiti kwa wingi wa namna hiyo haitokei bila maji. Ni lazima gamba la kale la basalti, jiwe jeusi la lava, liloe, lizame au lizikwe, lipikwe, na sehemu yake nyepesi ipande juu. Mabara yetu yamezaliwa kwa njia hiyo. Mlima wa granaiti ni ushahidi kwamba zamani palikuwa na maji mengi na njia ya kuyapeleka chini.

Kwenye Zuhura kuna nyanda za juu zilizokunjamana, zinazoonekana kuwa kongwe kuliko nchi inayozizunguka. Mojawapo ni Alpha Regio. Vipimo vya mbali vimedokeza kwamba mawe yake huenda si basalti ya kawaida. Chombo cha DAVINCI cha Marekani, kinachopangwa kwenda miaka ya 2030, kitadondoshwa juu ya milima hiyo na kushuka kwa takriban saa moja, kikipima hewa njia nzima na kupiga picha chini ya mawingu kabla joto halijakiua.

Ikionekana ni basalti tupu, Zuhura yawezekana haikuianza kabisa safari ya kurudi. Ikionekana ni granaiti, basi huko kuliwahi kuwa na bahari, mvua ilinyesha, kaboni ilishuka na kurudi kama kwetu, mpaka ikafika siku safari hiyo ikakatika. Na hapo kazi itakuwa kutafuta ni nini kiliikata.